Siku moja maishani mwangu: napima joto la jengo ambalo bado halijajengwa

Saa 12 asubuhi nipo kwenye mwendokasi, nimesimama tangu Kimara. Nikitaja kazi yangu, mhandisi wa nishati ya majengo, watu husema, "Aa, fundi AC." Fundi AC namheshimu, ila mimi huanza kabla yake. Jengo nalijenga kwenye kompyuta, nalipitisha saa zote 8,760 za mwaka, tujue litakula umeme kiasi gani kabla msingi haujachimbwa.

Saa 2 mpaka saa 4: chai, barua pepe, michoro ya msanifu.

Saa 4, kikao na mwenye jengo. Ghorofa za ofisi, vioo vitupu upande wa magharibi. Leo tunachagua programu ya kompyuta ya kupigia hesabu hizo za umeme. Amekuja na ripoti ya rangi kutoka kwa muuza viyoyozi.

"Mhandisi, nataka iliyotoa picha hizi. Hiyo yako ya bure ni maandishi tu."

Namweleza: yangu ni EnergyPlus, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ipo tangu 2001. Hizo picha ni za DesignBuilder, leseni yake ni ya kulipia, na hesabu ndani yake anapiga EnergyPlus yuleyule.

"Sasa mbona yako inadai mashine za kupoza kubwa zaidi?"

Naomba faili la yule muuza viyoyozi. Hali ya hewa waliyoweka ni ya Nairobi! Mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku watu wanavaa sweta. Dar kiyoyozi kina kazi mbili, kupoza hewa na kuikausha, na unyevu wetu haulali.

"Joto si joto tu, kijana?"

Nikaeleza tena. Nikachora. Nikafungua mafaili yote mawili, Februari kwa Februari, saa kwa saa. Akapokea simu, akarudi, akauliza lilelile. Kikao cha saa moja kikaisha adhuhuri inaadhiniwa, koo limenikauka.

Mchana nikajaribu programu nyingine, eQUEST. Ni ya bure na ina kasi, lakini inaongea kwa futi na Farenhaiti, tena upepo wa madirishani haiuwezi vizuri, na jengo hili asubuhi litafungua madirisha. Nikaiacha. Umeme ukakatika, ukarudi, nikaanza upya.

Jioni sijui saa ngapi nimeshaamua: EnergyPlus kupitia OpenStudio, programu ya kuliandaa jengo kabla EnergyPlus haijapiga hesabu. Zote za bure, kwa hiyo kijana yeyote atakayenirithi atalifungua jengo hili bila kutafuta leseni. Chombo ambacho mrithi hawezi kukifungua sikitaki, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Macho yanauma. Simu inaita, ni yeye. "Kijana, tukiweka vivuli nje ya vile vioo vya magharibi, mashine inapungua?"

Inapungua, mzee. Kiasi gani, nitakupa kesho saa 4.