Sikio Lililolelewa na Hofu

Watu wanapofahamu kwamba kazi yangu ni kupokea simu za walio hatarini, yaani watoto wanaopigwa, wanawake waliofukuzwa nyumbani usiku na vijana wanaofikiria kujiua, swali linalofuata karibu kila mara ni kama nami niliwahi kuumizwa. Wengi huwa wamekwisha kujijibu kabla sijafungua kinywa. Wapo wanaoamini kuwa aliyeumizwa ndiye anayefaa zaidi, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wapo wanaoamini kuwa hafai hata kidogo, kwa kuwa siku moja simu itamgusa pabaya naye atashindwa kuendelea. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanalitazama jeraha lenyewe, wala hayaulizi mwenye jeraha amelifanyia nini tangu alipolipata.

Yangu nitayasema kwa ufupi. Nilikulia Morogoro katika nyumba ambayo baba alikuwa mlevi mwenye mkono mwepesi. Sisi watoto tulijifunza kuisoma hali yake kabla hajafika mlangoni, kwa jinsi alivyoegemeza baiskeli ukutani, kwa kikohozi chake, na zaidi kwa kuimba kwake, maana akiimba tulikuwa salama na akinyamaza tulitafuta viatu. Mimi nilikuwa mkubwa, hivyo kazi ya kuwatoa wadogo zangu kwa mlango wa uani ilikuwa yangu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alitufungulia kila tulipobisha. Hakutuuliza kimetokea nini. Alitandika mkeka, akawasha jiko, akazungumza nasi habari za shule na za kuku wake mpaka kulipokuwa shwari, kisha akatusindikiza. Nilipokuja kusoma mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011, ambao unamtaka msaidizi atazame, asikilize na amuunganishe mhitaji na msaada, bila kumlazimisha mtu asimulie yaliyomkuta, nilimwona mama yule katika kila ukurasa, ingawa yeye hakupata kusoma mwongozo wowote.

Kitu ambacho utoto wa namna ile humpa mtu ni sikio. Mtoto anapopiga simu, akaanza kwa sauti ya kawaida, kisha ghafla akawa na adabu iliyopita kiasi na kujibu kila kitu kwa neno moja, mimi hutambua kwamba kuna mtu ameingia chumbani. Vivyo hivyo redio inapoongezwa sauti bila sababu, au anayezungumza anaposema kwamba amekosea namba lakini asikate. Hapo hugeuza maswali yote yawe ya ndiyo au hapana, ili mtoto aweze kunijibu huku anayemtishia akidhani anazungumza na rafiki wa shule. Mbinu hiyo hufundishwa, na kila mshauri anaweza kuijua, ila wenzangu waliokulia katika nyumba tulivu huhitaji muda kuisikia ile adabu ya hofu, ilhali sisi wengine tulilelewa nayo.

Tatizo ni kwamba sikio hilohilo husikia hatari hata pale isipokuwepo. Hebu chukua mfano wa mwanamume anayepiga simu saa nne usiku, ulimi mzito kwa pombe, akisema anaogopa atamuumiza mwanawe. Huyu ndiye mtu tunayepaswa kumshika asituponyoke, kwa sababu ametafuta msaada kabla ya kutenda. Mwili wangu, hata hivyo, haumsikii yeye, unamsikia baba. Mabega hupanda, mikono hupoa, na maneno yanayokuja ya kwanza mdomoni ni ya kumkemea. Ndiyo maana siku hizi nauheshimu utaratibu wa maswali kuliko nilivyouheshimu nilipoanza: mtoto yuko wapi sasa hivi, yuko na nani, kuna kitu chochote cha kuumiza karibu yako, nani mwingine mzima yupo hapo tunayeweza kuzungumza naye. Niliudhani kuwa makaratasi ya ofisi tu. Kumbe utaratibu ule humkinga mpigaji dhidi ya utoto wangu mimi, kwani unanilazimisha kumwuliza yaliyo yake badala ya kumjibu mtu mwingine asiyekuwepo kwenye simu.

Kuna kauli moja ambayo naichukia katika kazi hii kuliko zote: «Nakuelewa, hata mimi yalinipata.» Najua inatoka wapi. Msibani tunafarijiana hivyo, mfiwa akaketi na waliowahi kufiwa, na kauli hiyo huwa na haki yake, kwa sababu watu watalala pale, watapika pamoja, na kila mmoja atapata zamu ya kulia na zamu ya kubembeleza. Simu ya dharura haina nafasi ya zamu. Msichana amekusanya ujasiri wake wote aseme jambo analotendewa na ndugu wa nyumbani, na kabla hajamaliza mshauri mgeni kazini, kwa nia njema kabisa, anamweleza kwamba naye alipitia hayohayo. Jibu linalokuja huwa ni lilelile: «Pole, dada.» Mtoto aliyeishi na ukatili amezoea kuchunga hisia za watu wazima ili yeye awe salama, na sasa amepewa mtu mzima mwingine wa kumchunga. Kuanzia hapo hasemi yaliyobaki, au anayasema kwa kuyapunguza makali ili asimuumize mshauri.

Wanaopendekeza kwamba tuwachuje watu wa aina yetu tangu mlangoni huwa hawajapiga hesabu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa 2011 kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wamepata angalau tukio moja la ukatili wa kingono, kwa wavulana mmoja katika kila 7. Vijana wale leo ni watu wazima. Ndio walimu, ndio askari wa dawati la jinsia na watoto, ndio maafisa ustawi wa jamii, ndio wauguzi wa vituo vya mkono kwa mkono vinavyowahudumia waliofanyiwa ukatili, na ndio sisi tunaopokea simu. Ukimwondoa kila aliyeumizwa, meza zitabaki tupu.

Kwa upande wa wanaodhani kuwa jeraha peke yake ni sifa ya kazi, mimi huwakumbusha habari za Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba inayotumika sana leo kwa watu wanaojiumiza na wanaotaka kujiua. Mwaka 2011 alirudi katika hospitali ya akili ya Hartford alikolazwa akiwa na miaka 17, akaeleza hadharani kwamba naye alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Kwangu mimi kinachovutia ni mpangilio wa mambo. Jaribio la kwanza la kitabibu la tiba yake lilichapishwa mwaka 1991, yaani miaka 20 kabla ya kusimulia habari zake, na wataalamu waliipokea kwa matokeo yake bila kujua makovu ya mwenyewe. Uchungu ulimpa sababu ya kutoikatia tamaa kazi ambayo wengi waliikimbia, lakini hakuuomba uthibitishe lolote.

Kwa hiyo siipendi desturi, ambayo naona inazidi, ya taasisi kuwapandisha wafanyakazi wake jukwaani mbele ya wafadhili wasimulie walivyobakwa au walivyopigwa utotoni. Anayetaka kusema na aseme. Ila mtu ambaye mshahara wake unategemea mradi huohuo hana uhuru mkubwa wa kukataa, na kesho yake asubuhi anarudi kwenye simu akiwa amefunguliwa kidonda ambacho hakuna aliyepanga kukifunga. Fedha za hafla moja ya namna hiyo zingelipia vikao vingi vya msimamizi wa kitaaluma, mtu wa kukaa na mshauri faragha, wakaipitia simu iliyomkaa kifuani na kuuliza wapi alimsikia mpigaji na wapi alijisikia mwenyewe. Mjini Harare, akina bibi wa mradi wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambao hukaa benchini na kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo, huaminiwa kwa kuwa wameishi na kuzika wengi. Hata hivyo wanafundishwa hatua za mazungumzo, wana wa kuwasimamia, na wanajua mgonjwa gani si wa kwao.

Ninaposhiriki kuwahoji waombaji wapya, siwaulizi habari za utoto wao, kwa sababu si haki ya mwajiri kuzijua. Huwauliza wakimaliza zamu mbaya watampigia nani, na kama mtu huyo anajua kwamba atapigiwa. Wengine hutaja mke, shangazi, shehe, mchungaji, rafiki wa chuoni. Wengine hujibu kwamba wao ni wagumu, wamepitia mengi, hawahitaji kubebwa na mtu. Hao siwakatai. Huwaombea waanze upande wa kuandaa rufaa na kumbukumbu, mbali na simu, na kila mwisho wa mwezi naliuliza tena swali lilelile.