Nilivyofagia Barafu Edinburgh

Mdogo wangu aliponiambia kwamba Jumamosi tutakwenda kufagia barafu, nilidhani ananitania. Nimetoka Tanga, nimebadilisha ndege mara mbili, miguu imevimba, halafu nishike ufagio? Uwanja wa bibi nimeufagia tangu nina miaka sita, alfajiri, kabla kuku hawajatawanyika.

"Dada, twende kwanza ukaone ulikoanzia mchezo wenyewe," akasema. "Utacheka baadaye."

Mchezo wenyewe ni kalingi. Mnatelezesha mawe mazito juu ya barafu kuelekea shabaha iliyochorwa chini. Yeye amekuja Uskoti kusoma, sasa ni mwaka wa pili, na huko ndiko kalingi ilikomnasa. Nyumbani hata mpira alikuwa hachezi.

Asubuhi tukazunguka kwa miguu nyuma ya Arthur's Seat. Wenyewe wanauita mlima. Una mita 251, na mimi niliyezoea Usambara nikaamua kunyamaza. Upande wa pili kuna kijiji cha Duddingston, siku hizi kimemezwa na jiji, chenye kanisa la karne ya 12. Langoni pa kanisa imening'inia pingu ya shingo, chuma kilichochakaa kwenye mnyororo, ambayo zamani wakosaji walifungwa ili waumini wapite wakiwaona. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyolitazama kanisa.

Chini ya kanisa kuna bustani inayoteremka hadi ziwani, na pembeni mwa maji umesimama mnara mdogo wa mawe wenye pembe nane. Nilikuwa nimekuja kuuona huo. Chama cha kalingi cha Duddingston kilianzishwa 1795, na wanachama wake wengi walikuwa watu wa mjini, waliosubiri ziwa ligande ndipo waje na mawe yao. Fikiria kubeba jiwe la namna hiyo kutoka mjini kila baridi ikikaza! Kwa hiyo 1825 wakajengewa mnara huu, kazi ya William Playfair, msanifu majengo aliyeacha alama yake kila kona ya Edinburgh. Chumba cha chini kikawa ghala la mawe. Cha juu akakichukua mchungaji wa kanisa, John Thomson, ambaye pia alikuwa mchoraji wa mandhari. Inasimuliwa kwamba chumba hicho alikipa jina la "Edinburgh", ili wageni wasumbufu wakibisha hodi, watumishi wawaambie bila kusema uongo kwamba mchungaji amekwenda Edinburgh. Nilicheka peke yangu pale kwenye baridi. Hata kwetu wapo wa namna hiyo, ila wao hawajajenga mnara.

Mlango ulikuwa umefungwa, tukachungulia tu. Lakini nilichopenda zaidi kuhusu chama hicho ni karatasi. Januari 1804 wanachama walipitisha kanuni za mchezo kwa maandishi, na kanuni hizo ndizo zilizokuja kuwa msingi wa zile za chama kikuu kilichoundwa Edinburgh 1838. Kabla ya hapo kila kijiji kilikuwa na mtindo wake na mawe yake, mengine yameokotwa mtoni tu. Chama kikuu nacho hakikukaa sana kabla ya kupata bahati: 1842 Malkia Victoria alitembelea kasri la Scone, wenyeji wakamwonyesha kalingi juu ya sakafu ya mbao iliyosuguliwa ikang'aa, naye akajaribu kusukuma jiwe. Mwaka uliofuata chama kikaruhusiwa kujiita cha Kifalme.

Ziwani bata walikuwa wanaogelea. Ilikuwa Februari na hapakuwa na barafu hata ya kuweka kwenye glasi. Yale mashindano makubwa ya nje, yanayokusanya vyama vya nchi nzima juu ya ziwa moja, mara ya mwisho yalichezwa 1979 kwenye Ziwa la Menteith. Tangu hapo barafu haijapata unene wa kuaminika kubeba umati ule, na mchezo umebaki ndani ya majengo.

Mchana tukaingia kwenye jengo mojawapo la barafu. Mama mmoja wa makamo, mwanachama wa klabu, alikuwa anawafundisha wageni. Kwanza akaniambia niinue jiwe. Sikuweza kwa mkono mmoja: lina kilo zisizozidi 20, yaani ndoo kubwa ya maji iliyojaa. Granaiti nyingi ya mawe haya hutoka Ailsa Craig, kisiwa kitupu cha baharini upande wa magharibi, na huchongwa katika mji mdogo wa Mauchline.

Nikainama nikapapasa barafu. Nilitarajia kioo, nikakuta vipele. Kabla ya mchezo hunyunyiziwa matone ya maji, yakiganda yanaacha vinundu vidogo, na jiwe lililobonyea chini linapita juu ya vinundu hivyo kwa ukingo mwembamba tu. Hapo nikaelewa: hii ni keram! Ile poda tunayomwaga ubaoni ili kete ziteleze, hapa ni vipele vya maji.

Jiwe langu la kwanza halikufika popote. La pili nilianguka nalo. La tatu likatoka taratibu, nahodha wetu akapiga kelele kutoka upande wa pili, na mdogo wangu na kijana mwingine wakalirukia kwa mafagio, wanasugua mbele yake kama wanaofukuza nyoka. Kusugua kunapasha barafu moto kidogo, jiwe linakwenda mbali zaidi na halipindi haraka. Likaingia ukingoni mwa shabaha, wanapopaita nyumba. Nilipiga kigelegele, jengo zima likageuka.

Zamu yangu ya kufagia ilipofika nilijua kwamba uwanja wa bibi haukunifundisha kitu. Unakimbia huku umeegemeza uzito wote kwenye mpini, jicho kwenye jiwe, sikio kwa nahodha. Baada ya mawe mawili nilikuwa natoka jasho ndani ya sweta tatu.

Tukafungwa. Mwamuzi sikumwona, manahodha walikaribia, wakaangalia jiwe lililo karibu zaidi na kitovu, wakakubaliana, wakapeana mikono. Kisha desturi yao: walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji cha kwanza, na timu zote hukaa meza moja. Mimi nikaomba chai. Mzee mmoja wa upande wa washindi akaniuliza kwetu tunacheza nini. Nikamweleza keram, ubao, kete, shimo la kila pembe, na poda.

Akafikiri. "Na anayefagia ni nani?"

"Hakuna, mzee. Tunapuliza tu."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaenda kuniletea chai.