Mabawa Yanayofunguka

Mjomba hakuwa mtu wa sinema. Kilichompeleka kwenye kibanda cha video pale Pasua, Moshi, Jumapili moja ya likizo ya Juni 1997, ni deki ya mwenye kibanda iliyokuwa inatafuna kanda. Alikwenda kuitengeneza, mimi nikambebea kikapu cha vifaa. Alipomaliza, mwenye kibanda akaweka kanda ya kujaribia, na kanda yenyewe ilikuwa Star Wars, filamu ya vita vya anga za juu, ile ya kwanza kabisa, ya 1977. Mjomba alishasimama kuondoka. Nikamshika mkono. "Mjomba, dakika kumi tu." Tukakaa mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka 11 na nilikwisha kuiona mara mbili, kwa shilingi 50 za kudunduliza. Kiingereza chake sikukishika. Nilichokuwa nakifuata ni chombo kimoja tu, X-wing, ndege ya kivita ya waasi: pua ndefu, injini nne, rubani mmoja, na roboti mdogo amechomekwa nyuma yake. Ikiwa safarini mabawa yake yanalala pamoja. Ikikaribia vita yanaachana, mawili juu, mawili chini, na kila ncha ina mzinga wake. Kila nilipoyaona yakiachana, nywele zilinisimama.

Katikati ya mapigano Mjomba aliinama sikioni kwangu. "Hawa wanapigana kama ndege za Vita vya Hitler. Tazama rubani anavyogeuza shingo kutafuta adui." Sikumwelewa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba George Lucas, mwongozaji wa filamu ile, kabla picha zake za angani hazijawa tayari, aliunganisha vipande vya filamu za ndege za Vita Kuu ya Pili ili mafundi wake waone mwendo anaoutaka. Mjomba alikiona hicho kwenye televisheni ya inchi 14 yenye mistari.

Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, alikuwa fundi wa magari jeshini. Baadaye akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Mbuyuni. Tukirudi alikuwa kimya mpaka tulipovuka reli.

"Huko wanakopigana kuna hewa?"

"Hakuna, Mjomba."

"Sasa mabawa ya nini? Bawa bila hewa halina cha kushika."

Nilikosa jibu. Hakuwa anadharau, ndivyo alivyouliza hata redio iliyokufa: swali moja, kisha ananyamaza. Lakini niliumia, kwa sababu chini ya kitanda nilikuwa na X-wing yangu mwenyewe niliyokuwa nikiiunda tangu Mei, na hakuna aliyejua.

Tulipofika karibu na nyumbani akaongeza, "Ila aliyeiunda ile anaijua karakana. Umeona? Ina masizi. Ina mikwaruzo. Vitu vya sinema huwa vinang'aa kama sufuria ya harusi. Ile imefanya kazi."

Kwa neno hilo tu, kesho yake asubuhi niliifunga kwenye kanga ya mama nikaipeleka Mbuyuni.

Mwili wake ulikuwa kopo refu la dawa ya mbu. Injini ni vikopo vinne vya filamu za kamera, nilivyoomba kwa mpiga picha wa stendi. Mizinga ilikuwa mirija ya kalamu za Bic, roboti kifuniko cha dawa ya meno, mabawa plastiki ya ndoo iliyopasuka. Mabawa hayo nilikuwa nimeyagandisha yakiwa wazi, kwa kuwa sikujua namna nyingine.

Mjomba aliigeuza mkononi muda mrefu. Kisha akaliinua debe lake la vipuri, akalimwaga lote mezani. Rezista, kapasita, magurudumu ya meno ya deki, vipande vya saketi. "Chagua," akasema. Tukaanza kubandika. Kila kipande kilichokaa kwenye lile kopo kiliifanya ndege ionekane kubwa zaidi, na sikuelewa kwa nini.

Leo naelewa. Mafundi wa Lucas, kwenye karakana yao ya Van Nuys, California, walifanya vilevile. Walinunua maboksi ya vifaru, manowari na ndege za plastiki za kuunganisha, wakachukua vipande vidogovidogo na kuvibandika juu ya vyombo vyao ili jicho lidhani linaona mitambo. Hilo lilinigusa kuliko jambo lolote nililosoma juu ya filamu ile. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nabahatisha kwa kukosa vitu.

Mchana alikuja mteja kufuata redio yake. Mjomba hakuinua kichwa. "Njoo kesho, mzee wangu. Samahani sana." Sijawahi kusahau ile "samahani sana", maana nilijua tulihitaji ile hela.

Kazi ya mabawa ilikula saa nne. Aliyabandua, akatoboa kopo kwa msumari uliopashwa moto, akapitisha spoki mbili za baiskeli ziwe bawaba, akafunga mkanda wa mpira wa deki uyavute pamoja. Uzi mmoja ulitokea mkiani. Ukiuvuta yanafunguka, ukiuachia yanalala. Mara ya kwanza uzi ulikatika. Mara ya pili bawa moja lilikataa. Giza likaingia, umeme ukakatika, akawasha kandili, na hapo ndipo alipokumbuka masizi. Akainua chemni kwa kitambaa, akapaka kidole, akapitisha nyuma ya kila injini na kwenye midomo ya mizinga.

"Vuta," akaniambia.

Nikavuta. Yakaachana yote manne kwa pamoja, na kivuli chake ukutani kikawa msalaba mkubwa uliolala upande.

Mjomba akatikisa kichwa polepole. "Si mabawa haya. Ni mikono. Ukiona askari amefungua mikono hivi, ujue ameshaamua."

Colin Cantwell, aliyeichora X-wing ya filamu na kuunda mfano wake wa kwanza kabla mchoraji mwenzake Joe Johnston hajauboresha, alieleza kwamba umbo lilimjia kutokana na kishale kinachorushwa kwenye shabaha katika baa ya Uingereza, na kwamba alitaka mabawa yafunguke kama mchunga ng'ombe wa sinema anavyochomoa bastola. Niliposoma hayo ilibidi niinuke nitoke nje.

Oktoba 2023 moja ya X-wing zilizotumika kupiga filamu ile iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3.135. Ilikutwa ndani ya boksi, katika mali ya fundi wa mifano, Greg Jein, baada ya kufariki kwake. Nilimpigia simu Mjomba jioni hiyohiyo. Sasa anakaa Kibosho, macho yamepungua nguvu. Nilimtajia bei, nikambadilishia kwa shilingi, zaidi ya bilioni 7.

Alinyamaza kidogo, kama kwenye redio iliyokufa.

"Hiyo yao," akauliza, "ukivuta uzi, inafunguka yote manne kwa pamoja?"