Zamu ya saa nane usiku, jua likiwaka

Nilipangiwa zamu ya kulinda kambi dhidi ya dubu, saa nane hadi saa tisa usiku. Usiku wenyewe wa saa tu, maana Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini, jua halizami tangu Aprili hadi karibu mwisho wa Agosti, na sisi tulikwenda Julai. Kabla ya safari nilimuuliza sheikh nitaswali vipi Magharibi mahali ambapo hakuna magharibi, akaniambia nifuate saa za Makka. Basi simu yangu ilikaa kwa saa za Makka siku zote hizo, wenzangu wa kazini kutoka Oslo wakidhani nimeiharibu.

Tulivuka ghuba ya Isfjorden kwa boti kutoka mji wa Longyearbyen, tukapiga mahema ufukweni. Kule hakuna mti wa kukufika hata gotini, lakini ufuko umejaa magogo. Ni ya Siberia: mito huyatoa, barafu ya bahari huyabeba. Tukayakokea moto, tukapika mbali na mahema ili harufu isimlete dubu. Mwongozaji akazungusha uzi kambi nzima na kuufunga kwenye fataki. Dubu akiukata, zinalia.

Mlinzi kazi yake ni kutembea na darubini, basi. Nikatazama kilima, maji, kilima tena. Baridi ikaniingia hadi kwenye meno. Reni wawili, wale kulungu wa nchi za baridi, wakaja wakila majani. Wa huko wana miguu mifupi, matumbo kama debe, na hawana habari na mtu. Mmoja alinikaribia hadi nikawa nasikia anavyotafuna, na manyoya ya baridi iliyopita yakimning'inia ubavuni kama gunia lililochanika. Nikamfukuza kwa kunong'ona, eti nisiwaamshe watu.

Akageuka, akaupitia uzi.

Mlio ule! Watu wakatoka na chupi, mmoja na kiatu kimoja, mwongozaji na bunduki mkononi. Reni alikimbia hatua chache, akainamia majani tena.

Hakuna aliyerudi kulala. Chai ikabandikwa, na mmoja wao akaniuliza kwa heshima zote kwetu huwa tunawalinda vipi watoto na simba. Nikamwambia mimi mtoto wa Tanga mjini, simba nimemwona mara moja tu, Mikumi, na nilikuwa ndani ya basi.