Mbayuwayu wa Ogallala

Juni 2014 nilikuwa natoka Omaha kwenda Denver na lori la friji, nimepakia nyama. Karibu na Ogallala, magharibi mwa Nebraska, tairi la trela likapasuka. Nikajikokota hadi nje ya barabara kuu, nikaegesha karibu na daraja la zege, nikamwita fundi. Akaniambia nivumilie, yuko mbali.

Nikashuka. Chini ya daraja kulikuwa na kelele kama soko la Kongowea alfajiri. Viota vya tope, mamia kwa mamia, vimebanana, kila kimoja kama kibuyu cha shingo fupi, na shingoni kimechungulia kichwa. Mbayuwayu! Niliwatambua kwa mruko wao, ingawa hawa wana doa la rangi ya maziwa kwenye paji la uso, tofauti na wale wa kwetu Mombasa. Zamani walijenga kwenye majabali. Madaraja yalipokuja, wakahamia.

Pembeni mwa lami nikamwona mmoja amekufa. Nikamwokota, bado ana joto. Nikamkunjua bawa, nikalilaza mkononi: lilianzia katikati ya kiganja, likafika ncha ya kidole cha kati. Nilikuwa na miaka sita barabarani, na mara ngapi nimesikia kitu kidogo kikigonga kioo, nikawasha waipa, nikaendelea na safari. Sikuwahi kumshika hata mmoja.

Fundi, mzee wa palepale, alipofika akamtazama. Akasema siku hizi ni nadra, zamani waligongwa sana kwenye njia hizi. Nikamwambia, basi wamejifunza. Akatikisa kichwa. Kuna watafiti, akasema, wamekuwa wakipita hapa mwaka baada ya mwaka wakiokota waliokufa na kuwapima.

Usiku, kwenye maegesho ya malori kule Sterling, nikawatafuta watafiti hao mtandaoni. Ni Charles Brown na Mary Bomberger Brown. Walianza mwaka 1982, na matokeo yao yakatoka 2013, baada ya miaka 30. Waliogongwa walipungua sana, ilhali viota viliongezeka na magari hayakupungua. Tena waliogongwa walikuwa na mabawa marefu kuliko wenzao, na mabawa ya walio hai yamekuwa yakifupika. Tofauti ni ya milimita chache tu. Lakini mbayuwayu hupenda kutua juu ya lami, na bawa fupi humwinua ndege wima na kumgeuza upesi. Bawa refu humfaa anayekwenda moja kwa moja.

Kwetu kulikuwa kumekucha, nikampigia Mama. Nilitaka mtu wa kumwambia.

"Mama, si kwamba wamejifunza. Wenye mabawa marefu tumewaua sisi, sisi madereva. Wamebaki wa mabawa mafupi, na hao ndio wanaozaa. Miaka 30 tu, Mama! Ndege wamebadilika na mimi nipo."

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Na huyo wa mkononi mwako," akauliza, "ulimtupa?"

"Nilimzika, Mama. Chini ya daraja. Nilichimba kwa bisibisi ya fundi."

"Umefanya vyema, mwanangu. Haya, lala. Na kesho uende polepole."