Nilivyopewa Kazi ya Nta

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwa nyuki. Babu mzaa mama alikuwa mrina asali wa Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, na mizinga yake ya magogo na ya magome ilining'inia kwenye miyombo, ndani kabisa ya pori. Nami, mjukuu aliyesomeshwa kwa asali hiyo, nilikuwa siwezi kutazama sega.

Nyuki wenyewe sikuwaogopa. Kilichonitesa ni matundu: madogo, mengi, yaliyobanana. Nikiyaona, vinyweleo vinasimama, mikono na shingo vinawasha, tumbo linachafuka. Papai lililopasuliwa lilinifanya vivyo hivyo, na kisigino cha mtoto kilichotobolewa na funza kiliwahi kuninyima usingizi. Nyumbani kwetu Isevya nilijificha bila taabu. Nilisema papai silipendi, yakaisha. Lakini likizo ya Juni mwaka 2006, nikiwa kidato cha pili, mama alinipeleka Sikonge nikasaidie kazi, maana Juni ni msimu wa kurina.

Babu na mjomba walirudi kutoka kambi yao ya porini na ndoo zao kwenye baiskeli. Bibi akatandika turubai uani, akafunua ndoo ya kwanza, akaniita tukamue. Juu kabisa palikuwa na kipande cha sega kilichokatika, matundu yote wazi, mengine yana majana, yaani watoto wa nyuki, ndani. Nilikimbia hadi nyuma ya banda la kuku, nikatapika.

"Maringo ya mjini hayo," mjomba alisema. "Ada ya asali anaitaka, kuishika asali hataki." Mama mdogo akanong'ona kwamba huenda nina mashetani, nipelekwe kwa mtaalamu. Maneno ya mjomba ndiyo yaliyoniumiza zaidi, kwa kuwa nilijua babu alikuwa amelala porini kwa ajili yangu.

Jioni bibi alinifuata jikoni.

"Mke mwenzangu, unaogopa nini hasa? Nyuki?"

"Hapana, bibi. Matundu."

Hakucheka. Alikoleza moto, kisha akauliza, "Yote, au yale yaliyo wazi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na ilibidi nifikiri. Asali ikishakomaa, yaani maji yake yakishuka chini ya asilimia 20 hivi, nyuki huziba kila tundu kwa utando wa nta, na uso wa sega unakuwa kama ukuta uliosiribwa. Uso wa namna hiyo niliweza kuutazama. Nikamwambia: yaliyo wazi.

Kesho yake bibi alipanga kazi upya. Yeye alichambua masega akiwa amenipa mgongo, akanipa yaliyozibwa tu, kimoja kimoja, yamefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilikamua mikono ikiwa juu ya kitambaa, macho yangu yakifuata asali inavyoshuka kwenye beseni. Masega yaliyokwisha kukamuliwa yalikwenda kwenye sufuria la maji motoni, na hapo ndipo nilipopata kazi niliyoipenda kwa moyo wote. Sega likipata moto linayeyuka lote, matundu hayaonekani tena. Tulichuja kwa gunia, tukaacha ndoo ipoe usiku kucha, na asubuhi nta ilikuwa imeelea na kuganda, bamba moja la njano lenye harufu ya moshi na maua ya porini. Ile harufu naipenda hadi leo.

Siku zilivyosogea, bibi alianza kuachia vipande vyenye matundu machache wazi pembeni. Hakunishtukiza hata mara moja. Alisema kwanza: "Hiki kina wazi kidogo, upande wa kushoto." Nami nilivuta pumzi, nikatazama, nikageuza macho, nikatazama tena. Mwili uliwasha, kisha ukatulia, nami nikaendelea kukamua. Babu alipopata habari alisema tu, "Mke wangu, asali ya matundu wazi hata mimi siitaki, ina maji, inachacha."

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Geoff Cole na Arnold Wilkins, walichapisha utafiti kuhusu hofu hii. Walidhani macho yetu yanaona katika matundu hayo mpangilio unaofanana na ule ulio kwenye miili ya wanyama wenye sumu. Utafiti mwingine, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Kent, ulikuja kusema ni kinga dhidi ya maradhi ya ngozi na vimelea iliyopita kiasi. Kwa aliyekulia penye funza, maelezo ya Kent yananiingia zaidi. Nao wataalamu wa hofu humsogeza mtu polepole, kwa ridhaa yake, kuelekea anachokiogopa. Bibi alilifanya hilo uani kwake, na ningetamani kila kijana mwenye hofu ambayo watu hawaielewi aulizwe swali kama lile aliloniuliza jikoni.

Sikupona kabisa. Papai bado nakatiwa.

Likizo ilipokwisha, babu aliuza asali, akatenga fedha ya nta pembeni, akaniwekea mkononi. "Hii umeifanyia kazi," alisema. Nilinunua begi na madaftari. Mjomba alinisindikiza stendi, akaning'inizia kidumu cha asali dirishani, akauliza kama msimu ujao nitakuja.

"Nakuja, mjomba. Ila nta ni yangu."