Siku moja maishani mwangu: dawati la bahari, mwezi wa kusi

Ukisema unafanya kazi ya hali ya hewa, swali linalofuata ni lile lile: "Leo mvua itanyesha?" Kwenye dawati la bahari mvua huangaliwa mwisho. Kinachozamisha chombo ni upepo na wimbi, na saa ambayo hivyo viwili vinakutana na maji yanayotoka wakati wa kupwa. Hii ni siku ya Julai, Dar es Salaam, kusi, upepo wa kusini, imeshika.

Saa 12:15 asubuhi. Makabidhiano. Mwenzangu wa usiku ana macho mekundu na daftari lake limejaa: Mafia upepo haukulala, Mtwara umeongezeka tangu saa 6 usiku. Vipimo vyote vinaandikwa kwa saa za Greenwich, na hapo sisi tuna bahati: toa tatu, unapata saa ya Kiswahili. Vipimo vya 06 ni saa 3 asubuhi, vya 12 ni saa 9 alasiri. Anayehesabu kwa saa za Kizungu ndiye anayehangaika.

Saa 12:30. Vipimo vya vituo vya pwani: Mtwara, Kilwa, Mafia, Dar, Zanzibar, Pemba, Tanga. Naanza kusini kwa sababu kusi haingilii Tanga. Jambo la kwanza ni mgandamizo wa hewa, na hapa ndipo wageni wa kazi hii hujikwaa. Katika nchi za joto mgandamizo una kupwa na kujaa kwake: unapanda hadi saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unashuka hadi saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na tofauti ni kama hektopaskali 3 (hektopaskali ndiyo kipimo cha mgandamizo). Mtu akiona umeshuka 3 kati ya saa 4 na saa 10 halafu akapiga kelele kwamba dhoruba inakuja, hajui alipo. Hapa tunalinganisha na saa ile ile ya jana. Leo Mtwara iko juu ya jana kwa 2, Tanga haijasogea. Tofauti kati ya kusini na kaskazini imekua, kwa hiyo upepo unakuja.

Saa 1:00 hadi saa 3:00. Ramani kubwa. Kusi haizaliwi Mtwara. Inasukumwa na kanda ya mgandamizo mkubwa inayokaa kusini-mashariki ya Madagaska, ile ya Mascarene, na leo kitovu chake kimefika hektopaskali 1036. Baridi ikishapita Afrika Kusini, mgandamizo unapanda nyuma yake, unaingia Mlango wa Msumbiji, na baada ya siku moja hadi tatu bahari inachafuka Mafia. Kwa hiyo mtabiri wa Dar anayesubiri kuangalia Dar amechelewa.

Chanzo kingine ni mawimbi ya mbali, yanayotoka kwenye dhoruba za kusini kabisa mwa Afrika. Wimbi lenye sekunde 14 kati ya kilele na kilele husafiri karibu kilomita 950 kwa siku. Madagaska inatukinga na mengi, lakini yanayopenya kwenye Mlango wa Msumbiji yanatufikia hata siku ambayo hakuna upepo. Ndiyo maana sipendi taarifa inayotaja mita peke yake. Mita 2 kwa sekunde 14 inainua ngalawa na kuishusha taratibu, mpaka ifike kwenye mwamba. Mita 2 kwa sekunde 6 ni mwinuko mkali unaovunjika, na ngalawa inajaa maji kabla nahodha hajageuza omo, yaani mbele ya chombo.

Saa 3:30. Modeli za kompyuta. Hizi za dunia nzima zinagawa bahari kwa miraba. Zenye mraba wa kilomita 25 zinauona mkondo kati ya bara na Unguja kama mraba mmoja au miwili, na kisiwa cha Chumbe hakipo kabisa. Setilaiti za kupima upepo juu ya maji zinapita asubuhi hii, lakini karibu na nchi kavu vipimo vyake havitumiki, kama kilomita 20 au zaidi kutoka ufukweni kila upande. Piga hesabu: mkondo wenyewe ni kilomita 35 hivi sehemu nyembamba. Pale watu wanapovuka kila siku ndipo setilaiti haioni. Maboya ya kupimia nayo ni machache mno upande huu wa Bahari ya Hindi. Pengo hilo linazibwa na kichwa cha mtabiri na simu za watu wa bandarini.

Kuna nyongeza ninayoiweka kwa mkono. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo wa bahari unajiunga na kusi, na kati ya saa 8 na saa 11 jioni unapata noti (maili za baharini kwa saa) 5 hadi 8 zaidi ya zile za modeli. Noti 20 zikawa 27 si jambo dogo, kwa sababu nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake. Inakaribia mara mbili.

Saa 4:30. Onyo linatoka: upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, pwani yote kuanzia Mtwara hadi Tanga, pamoja na Unguja na Pemba, leo na kesho, kupungua keshokutwa kuanzia kusini. Maneno machache, lakini kila moja limebishaniwa. "Pwani yote" au "Mtwara hadi Dar"? Ukitangaza eneo kubwa mno, wavuvi wa Tanga wanalala njaa bure, na wiki ijayo hawakusikilizi.

Saa 5:10. Simu. Msimamizi wa mashua ya mizigo, yuko Nyamisati, anapeleka saruji na unga Kilindoni.

"Dada yangu, hili onyo lenu limetoka wapi? Mimi niko hapa, jua kali, maji yametulia kama ya kwenye beseni."

Anasema kweli, na ndiyo taabu yenyewe. Nyamisati iko ndani ya delta ya Rufiji, imezungukwa na mikoko. Kusi ikivuma vipi, pale huoni wimbi. Bahari inaanza ukishapita fungu la mchanga la mdomoni. Namweleza. Anasema yeye amezaliwa hapo.

"Basi niambie hivi: niondoke nisiondoke?"

Hilo silisemi. Mtabiri anatoa hali. Ruhusa ya kutoka ni ya mamlaka za bandari na usafiri wa majini, na uamuzi wa mwisho ni wa nahodha, anayekijua chombo, uzito wa shehena na hali ya injini. Mimi sijui mashua imepakiwa hadi wapi. Anakata simu. Baada ya robo saa anapiga tena, safari hii anataka namba. "Hiyo mita 2 ni ya kweli au mmeongeza mtutishe?"

Tunaanza upya. Mita 2 ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa. Si kikomo. Ukikaa majini saa kadhaa utakutana na moja linalokaribia mita 4, na hilo halipigi hodi. Anasema boti ya abiria imeondoka Dar, ameiona mtandaoni. Namwambia boti ya mwendokasi na mashua ya mbao iliyojaa saruji hazisomi onyo moja kwa namna moja. Anasema mzigo ni wa watu. Anasema gharama za kulala Nyamisati nani analipa. Anasema juzi mlisema hivi hivi na hapakuwa na kitu. Namuuliza juzi alikuwa wapi. Alikuwa Nyamisati.

Pembeni kompyuta imejaa vipimo vya saa 6 mchana ambavyo havijasomwa.

Mara ya tatu simu inashikwa na nahodha mwenyewe, sauti ya mtu mzima. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Maji yanajaa saa ngapi?"

Hilo sasa ni swali. Ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu, na katika pwani yetu bamvua hujaa karibu saa 10 hadi 11, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa 4 na 5. Kwa hiyo kuanzia alfajiri maji ya Rufiji yanatoka kuelekea bahari kuu, na mawimbi ya kusi yanaingia kinyume chake. Pale mdomoni yanafupika na kusimama. Katikati ya kupwa, karibu saa 1 au 2 asubuhi, ndipo pabaya zaidi. Anayevuka hupita maji yakiwa yamejaa, kabla hayajashika kasi ya kutoka, na upepo wa alfajiri ukiwa bado mdogo.

"Na kesho alfajiri upepo unalala?" Haulali. Msukumo huu unavuma usiku kucha, hiyo ndiyo tofauti yake na kusi ya kawaida. Keshokutwa alfajiri kuna nafuu. "Basi tunalala," anasema, na nyuma yake namsikia msimamizi akilalamika.

Chakula cha mchana kimeliwa mezani, wali umepoa.

Vipimo vya saa 9 vinathibitisha: Mafia noti 26, kama kilomita 48 kwa saa. Sifurahii, ila napumua.

Mchana huu saa zinachanganyika. Wakala mmoja anauliza njia ya Salalah, bandari ya Oman. Julai? Upepo wa Somalia unapita noti 30 kwa siku nyingi mfululizo, Sokotra mawimbi ni mita 4 hadi 5. Wazee wa majahazi walikuwa hawaendi Arabuni miezi hii, wala hawakuwa na setilaiti. Kisha inaingia picha ya onyo la kimbunga kwenye simu, inasambazwa vikundini tangu mchana. Ni ya Mei 2024, ya Hidaya, kile kilichofika Mafia tarehe 4. Mtu amekata tarehe juu. Naelewa kwa nini watu wanashtuka, maana hata Lindi ilipigwa mwaka 1952 na wengi walishasahau kwamba vimbunga hutufikia. Lakini msimu wa vimbunga kusini mwa ikweta ni Novemba hadi Aprili, mara chache Mei, na wanaovifuatilia kwa ukanda wetu wako kisiwa cha La Réunion. Julai hawana chochote. Onyo lisilo na tarehe na saa ya kutolewa usilisambaze.

Jua limezama nikiwa bado naandika ya redioni. Dakika moja, kwa hiyo hektopaskali zote nje. Inabaki upepo unatoka wapi, mawimbi kiasi gani, kuanzia lini hadi lini.

Makabidhiano ya usiku. Kwenye daftari: angalia mgandamizo wa Mtwara saa 3 usiku, ukianza kushuka chini ya jana ilete nafuu mapema kwa saa sita, upepo wa setilaiti unafika baadaye usiku, soma nje ya Mafia tu, usiamini karibu na nchi. Na akipiga yule wa Nyamisati, mpe saa ya maji kujaa, halafu omba kuongea na nahodha.